Shahidi Asiye na Ulimi

Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika shule ya kutwa iliyo karibu na soko la Kangemi, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Sikupata kwenda chuo kikuu. Nilisomea kazi yangu katika chuo cha ualimu, nikapewa stashahada, nikapelekwa darasani, na huko nimekaa zaidi ya miaka kumi. Basi elimu nitakayoizungumza hapa si yangu. Nimeiona mara mbili tu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nikaichukia. Mara ya pili niliiona katika maisha ya mwanafunzi wangu mmoja, na yeye ndiye aliyenifanya niielewe ile mara ya kwanza.

Elimu yenyewe ni ya uchunguzi wa jinai, yaani matumizi ya sayansi katika kujibu maswali ya mahakama: mtu huyu alikufa kwa sababu gani, damu hii yaweza kuwa ya nani, mkono uliotia sahihi hii ni upi, sumu iliyo ndani ya kikombe hiki ni sumu gani. Wanafunzi wangu huijua kwa sinema. Katika sinema mtaalamu huvaa koti jeupe, hutazama hadubini mara moja, hutikisa kichwa, na mwuaji amekwisha kupatikana. Kila mwaka hunijia vijana wawili au watatu wanaotaka kuisoma elimu hii kwa sababu ya koti lile. Huwaambia wakae, nikawasimulia habari ya mama yangu mdogo.

Mama mdogo alikuwa kitinda mimba wa nyanya yangu. Mwaka wa 1998 alikaa nasi Kangemi, na kila asubuhi alishuka mjini kujifunza kupiga taipu na kazi za uhazili katika chuo kilichokuwa ndani ya Jumba la Ufundi, jengo lililopakana na ubalozi wa Marekani, penye makutano ya Barabara ya Moi na Barabara ya Haile Selassie. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti aliondoka nyumbani amevaa sketi ya kijivu na sweta alilofumiwa na nyanya. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nikicheza nje. Yapata saa nne na nusu tukasikia mshindo wa mbali, mzito, na watu wakatazama mawingu. Haikuwa radi. Lori lililojaa vilipuzi lilikuwa limelipuliwa nyuma ya ubalozi, na Jumba la Ufundi likaporomoka. Siku hiyo watu 213 walikufa Nairobi, na wengine zaidi ya 4,000 wakajeruhiwa. Dar es Salaam, ambako ubalozi mwingine ulilipuliwa karibu wakati uo huo, walikufa watu 11.

Baba na mama walizunguka hospitali kwa siku tatu wakisoma orodha zilizobandikwa ukutani. Nyanya alifika kutoka Vihiga kwa basi la usiku. Siku ya nne walikwenda mahali palipohifadhiwa maiti, nami nikaenda nao kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuachiwa. Niliwekwa nje, chini ya mti, pamoja na watoto wengine. Waliyoyaona ndani sikuyaona, wala hawakupenda kuyasimulia.

Walipotoka, mama alikuwa akilia na kusema amempata. Amemjua kwa umbo la mguu na kwa kipande cha sweta kilichokuwa karibu naye, maana uso haukufaa tena kumtambulisha mtu. Lakini palikuwa na mzee mmoja na mkewe, watu tusiowajua, nao walisema binti yule ni wao. Wamemjua kwa saa ya mkononi. Watu wazima watano wakagombania maiti moja, na hapakuwa na mwongo hata mmoja kati yao. Mtumishi wa mahali pale, mtu aliyechoka, ambaye nadhani hakuwa amelala tangu Ijumaa, akaona heri jambo liishe. Kwa kuwa sisi tulitangulia kufika, akatuandikia sisi. Kikaratasi chenye jina la mama mdogo kikafungwa kwenye kidole cha mguu wa yule maiti, na baba akaenda kutafuta jeneza.

Jioni ile ile tuliitwa turudi. Daktari mmoja, mwanamke kijana, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akiandika katika daftari. Kwa kila maiti aliandika mambo yale yale: kimo, makovu, hali ya meno, mifupa iliyowahi kuvunjika. Alipotuona alisimama, akamshika nyanya mkono, akamwuliza kama binti yake aliwahi kung'olewa jino. Nyanya akasema ndiyo, gego la chini, upande wa kushoto. Alimpeleka yeye mwenyewe hospitali ya misheni, na mtoto alilia njia nzima. Daktari akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mama, huyu ana meno yake yote. Sisemi huyu ni wa nani. Nasema tu kwamba si wako."

Nyanya alimtukana. Alimwambia kwamba yeye hana mtoto, hajui uchungu wa kuzaa, amesoma mpaka moyo umekauka. Daktari hakujibu. Mama naye alimsihi aseme basi kwamba yule ni binti wa wale wazee, ili walau upande mmoja upate kulala. Akakataa hilo pia. Alisema wazee hajawauliza bado. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, na nilimchukia daktari yule kwa moyo wangu wote wa mtoto. Niliona ni mtu baridi, anayetunyima hata maiti.

Siku mbili baadaye mama mdogo alipatikana miongoni mwa maiti walioletwa kutoka mahali pengine. Gego la chini la kushoto halikuwapo, na kovu la kuungua lilikuwa gotini, pale pale nyanya alipokuwa amesema. Tulimzika Vihiga. Wazee wale walikuwa wamekwisha kumchukua binti yao, baada ya kuulizwa maswali kama yetu na majibu yao kupatana na daftari. Kama si yule daktari, tungalimzika mtoto wa watu kaburini petu, wazazi wake wangaliendelea kumtafuta, na mama mdogo angalizikwa bila jina.

Waliotenda uovu ule walitafutwa kwa njia za namna iyo hiyo, ingawa kwa watu wengi zaidi na fedha nyingi zaidi. Wachunguzi wa FBI walikuja kutoka Marekani, wakafanya kazi na polisi wa Kenya, wakachekecha vifusi wakitafuta vipande vya gari na mabaki ya kemikali. Mwaka wa 2001 washtakiwa wanne walitiwa hatiani mjini New York. Nasema haya upesi kwa sababu vitabu vingi vimekwisha kuyaeleza. Habari ya jino haimo vitabuni.

Sasa nije kwa mwanafunzi wangu.

Mwaka wa 2013 nilifundisha msichana mmoja, binti wa seremala wa hapa hapa Kangemi. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa nne au wa tano. Lakini alikuwa na tabia moja. Katika majaribio ya kemia, kama rangi haikugeuka kama ilivyoandikwa kitabuni, yeye aliandika ilivyogeuka. Wenzake waliandika ya kitabuni wakapata alama. Siku moja nilimkata alama mbili, nikamwuliza kwa nini aliandika upuuzi. Akasimama, mikono nyuma, akasema, "Samahani, Mwalimu, sikuiona ikiwa buluu." Nilikwenda kabatini kuhakikisha, nikakuta dawa ile ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka miwili. Darasa zima, watu arobaini na watatu, walikuwa wameona buluu katika chupa isiyoweza kutoa buluu! Nilimrudishia alama zake, nikawasimulia habari ya daktari na jino. Sikujua kwamba nilikuwa nikipanda mbegu.

Alifaulu, akaitwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma kemia. Nilimsindikiza siku ya kuandikishwa, kwa kuwa baba yake alikuwa na kazi ya watu ya kumaliza. Tulipotoka katika kampasi kuu, mjini, tuliamua kwenda kwa miguu mpaka kampasi ya Chiromo, ambako sayansi hufundishwa, ili aijue njia. Tulipita Barabara ya Harry Thuku, nami nikasimama kidogo, maana mwalimu hawezi kupita mahali kama pale akafunga mdomo. Nilimwambia kwamba tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika hapo mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku afunguliwe, wakapigwa risasi. Moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kama kengele ya mbuzi.

"Kwa hiyo uchunguzi wa alama za vidole haukuletwa hapa kumtafuta mwizi," akasema.

Nikamjibu kwamba haukuletwa kwa ajili hiyo. Uliletwa kumjua kibarua aliyetoroka shamba la tajiri. Hata njia ya kuzipanga alama hizo ili zitafutike upesi ilibuniwa huko Bengal, India, na watumishi wawili wa polisi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini ikaenezwa duniani kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry. Msichana hakusema neno mpaka tulipofika Chiromo. Yamkini alikuwa amechoka tu.

Miaka minne ya shahada ya kwanza ilipita. Baba yake alitumaini kwamba sasa ataajiriwa katika kiwanda cha rangi au cha sabuni, huko Eneo la Viwanda. Yeye akamwambia baba kwamba anataka kuendelea na shahada ya uzamili katika uchunguzi wa jinai. Mzee akaniita karakanani kwake.

"Mwalimu," akasema, huku akipiga randa, "mimi hutengeneza vitanda, meza na kabati. Majeneza nayakataa, ingawa yana fedha. Watu wanalijua hilo. Sasa binti yangu ataka kwenda kukaa na maiti kwa hiari yake. Mlimfundisha nini huko shuleni?"

Nilimwambia, "Mzee, si wote katika kazi hii hukaa na maiti." Nikamweleza, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba kazi hii ina milango mingi. Anayetaka kuufungua mwili na kusema chanzo cha kifo hana budi awe daktari kwanza, kisha asomee patholojia kwa miaka mingine juu ya ile. Mkemia hupima sumu, pombe, dawa za kulevya, na majivu ya nyumba iliyochomwa. Mtu wa biolojia hushughulika na damu na vinasaba, ambavyo watu wengi huviita DNA. Wengine huanza kama askari polisi, ndipo wafunzwe alama za vidole, risasi na bunduki, au maandishi ya kughushi. Serikali ina Mkemia wake kwa kazi kama hizi, na idara ya upelelezi ina maabara kubwa katika Barabara ya Kiambu, iliyozinduliwa Juni 2022. Siku ile nilipozungumza na mzee ilikuwa bado haijazinduliwa. Hakuna mlango wa kuingilia bila hesabu, kemia, fizikia na biolojia, wala wa kuingilia kwa mwandiko mbaya.

Mzee hakushawishika. Nikamsimulia habari ya mama mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yule daktari alilipwa kiasi gani?"

"Sijui, Mzee."

"Nadhani si nyingi." Akapiga randa ubao ule mpaka mwisho, akapuliza vumbi, akasema, "Basi asome. Lakini asiniletee habari zao mezani."

Alipata msaada wa karo, mzee akauza mashine yake moja, na mwaka wa 2021 msichana akaenda Scotland, katika Chuo Kikuu cha Strathclyde mjini Glasgow, ambacho kimefundisha shahada ya uzamili ya elimu hii tangu miaka ya 1960. Alikuwa akiniandikia barua pepe kila mwezi. Barua ya kwanza ilijaa malalamiko. Baridi ilikuwa kali, na maiti hakuna hata mmoja. Wiki za mwanzo walikuwa wakifundishwa kufunga vitu! Kitambaa chenye damu kikaushwe kwanza, kisha kitiwe katika mfuko wa karatasi, kisitiwe katika plastiki, maana unyevu uliofungiwa huleta ukungu na ukungu huharibu ushahidi. Kila mfuko utiwe lakiri, uandikwe tarehe, saa, mahali na jina la aliyeufunga. Kila mkono utakaoupokea utie sahihi. Mkono mmoja ukisahau, wakili atauliza kielelezo kilikuwa wapi tangu saa nane mpaka saa kumi, na kama hakuna ajibuye, kielelezo hakifai kitu.

Barua ya tatu ilieleza vinasaba, na nimeitumia darasani mara nyingi. Watu wote wanafanana kwa sehemu kubwa kabisa ya vinasaba vyao, ndiyo maana sehemu hizo hazimsaidii mchunguzi. Yeye hutazama mahali fulani fulani ambapo kipande kifupi hurudiwa-rudiwa kama kibwagizo, akahesabu kimerudiwa mara ngapi. Mahali pamoja mtu aweza kuwa na hesabu ya 12 aliyoirithi kwa baba na 15 aliyoirithi kwa mama. Watu wengi watakuwa na hesabu hizo. Lakini ukihesabu mahali ishirini, ni vigumu mno kupata watu wawili wanaolingana pote, isipokuwa mapacha waliotokana na yai moja. Na kwa kuwa nusu hutoka kwa kila mzazi, hata mifupa isiyo na uso yaweza kulinganishwa na mama aliye hai.

Mwingereza Alec Jeffreys aligundua mwaka wa 1984, mjini Leicester, kwamba vinasaba vyaweza kumtofautisha mtu na mtu. Karibu na mji huo wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka wa 1983 na mwingine mwaka wa 1986. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17, naye akakiri kuwa alimwua mmoja wao. Vinasaba vikaonyesha kwamba wote wawili walishambuliwa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo si yule kijana. Mwuaji wa kweli, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka wa 1988. Mwanafunzi wangu aliandika kwamba jambo hilo lilimgusa: mtu wa kwanza kuguswa na elimu ile mpya katika kesi ya mauaji alikuwa mtu asiye na hatia, na alikuwa amekwisha kujishuhudia uongo juu yake mwenyewe.

Halafu ikaja barua fupi, ya huzuni. Walikuwa wametengenezewa chumba cha uhalifu wa kuigiza, chenye kioo kilichovunjika na damu, wakachukua vielelezo, wakavipima, wakaandika ripoti. Mwisho wakasimamishwa kizimbani mbele ya watu waliokuwa mawakili. Akaulizwa, "Je, damu iliyo katika shati ni ya mshtakiwa?" Akajibu, "Ndiyo." Akauliziwa jibu hilo muda mrefu mpaka akatoka jasho. Mwalimu wake alimwambia baadaye kwamba vipimo vyote vilikuwa sahihi, na jibu lilikuwa kosa. Alipaswa kusema kwamba matokeo yale yana uzito mkubwa zaidi ikiwa damu ni ya mshtakiwa kuliko ikiwa ni ya mtu mwingine asiye ndugu yake. Neno "ndiyo" halikuwa lake kulisema. Lilikuwa la mahakama. "Mwalimu," aliandika, "nilikumbuka yule daktari wako. Sisemi huyu ni wa nani."

Huko Scotland walikuwa na sababu yao ya kulikazia jambo hilo. Mwaka wa 1997 alama ya kidole iliyopatikana katika nyumba ya marehemu mjini Kilmarnock ilisemwa kuwa ni ya askari polisi wa kike, Shirley McKie. Yeye alisema hakuingia ndani ya nyumba ile. Wataalamu wakashikilia neno lao, naye akashtakiwa kwa kusema uongo mahakamani. Mwaka wa 1999 akaachiliwa, na tume iliyotoa taarifa yake mwaka wa 2011 ikasema alama ile haikuwa yake. Hakuna aliyekuwa ameghushi kitu. Wataalamu walitazama mistari wakaona walichotazamia kukiona. Nilipoisoma barua ile nilikumbuka darasa langu na chupa ya buluu.

Alirudi Nairobi na shahada yake mwishoni mwa mwaka wa 2022, akaajiriwa katika maabara. Nilidhani sasa mafunzo yamekwisha. La! Kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuruhusiwa kutia sahihi ripoti peke yake. Alipewa vielelezo ambavyo majibu yake yanajulikana na wakubwa lakini yeye hayajui, akavipima, akasahihishwa kama mtoto wa shule. Kila alichokifanya kilifanywa tena na mwenzake asiyejua matokeo ya kwanza. Ni miezi ile ile ambayo makaburi ya Shakahola yalifukuliwa huko Kilifi. Maiti zaidi ya 400 walitolewa ardhini, wengine wakiwa wamekaa siku nyingi mno hata kutambulika kwa macho hakuwezekani. Vinasaba vya jamaa vikachukuliwa, vikalinganishwa, na ilipofika Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa watu wao. Watu wengi walilalamika kwamba kazi ilikwenda polepole, na walikuwa na haki, maana kungojea maiti ni kazi ngumu. Mimi nililalamika kwa sauti ndogo kidogo kuliko wao.

Lakini iko hatari ambayo chuo hakiwezi kumkinga mtu nayo, nami nilimwambia. Mwaka wa 1988 msichana Mwingereza, Julie Ward, aliuawa katika hifadhi ya Maasai Mara. Dakta Adel Shaker aliyeyachunguza mabaki yake aliandika kwamba yalikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ikabadilishwa na mkubwa wake, maneno yakageuzwa ili yaafikiane na hadithi kwamba aliliwa na wanyama. Baba wa msichana hakukubali, na uchunguzi wa mahakama uliofanyika Nairobi mwaka wa 1989 ukatamka kwamba aliuawa. Waliokuja kushtakiwa katika miaka ya 1990 waliachiliwa wote. Kisu kinaacha alama yake juu ya mfupa, na mfupa hausemi uongo, lakini hauna ulimi. Mwenye ulimi ni yule anayetia sahihi, na juu yake kuna mkubwa, na mkubwa ana kalamu. Nilimwuliza mwanafunzi wangu angefanya nini. Akasema hajui, ila anaweka nakala ya kila anachokiandika.

Mwaka jana alinipigia simu, akaniomba tuonane mjini. Tulikutana katika Bustani ya Kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, pale pale uliposimama ubalozi. Ni bustani ndogo, yenye nyasi na ukuta wa majina, na kelele za matatu za Barabara ya Moi hazikomi kando yake. Alikuwa amekonda. Tulikaa kwenye benchi, akanieleza habari ya kesi yake ya kwanza.

Kijana alikuwa ameuawa kwa kisu. Koti la mshtakiwa lilikuwa na damu kidogo sana, iliyochanganyika na ya mtu mwingine. Aliipima, mwenzake akaipima, na wote wawili wakaona kwamba mchanganyiko ule haukutosha kusema ni wa nani. Mwendesha mashtaka alimtaka aseme angalau kwamba yawezekana. Akajibu kwamba yawezekana, na kwamba yawezekana pia kwa watu wengi waliokuwa ndani ya mahakama ile. Ushahidi mwingine ulikuwa dhaifu, na mshtakiwa akaachiliwa.

"Nilipotoka," akasema, "mama wa marehemu alinifuata ukumbini. Hakunipiga. Alinitazama tu, akaniambia: wewe huna mtoto, hujui uchungu wa kuzaa."

Sikuweza kusema neno kwa muda mrefu. Sikuwahi kumtajia maneno ya nyanya. Katika masimulizi yangu yote darasani nilikuwa nikiyaruka kwa aibu.

"Mwalimu, labda yeye ndiye aliyeua," akaendelea. "Silali. Nikirudi maabarani najua nitaandika vile vile, lakini silali."

Ndipo nikamwambia matusi ya nyanya, na jinsi daktari yule alivyoyapokea akiwa kimya, daftari mkononi. Nikamweleza na jambo jingine nisilopata kulisimulia darasani. Nyanya alifariki mwaka wa 2016. Mpaka mwaka huo, kila ilipofika tarehe 7 Agosti, aliwasha mishumaa miwili. Mmoja ulikuwa wa binti yake. Tulipomwuliza habari ya wa pili, alisema ni wa yule tuliyekaribia kumwiba.

Aliniuliza jina lake. Nikasema hatukulijua, wazee wale waliondoka na binti yao siku tuliyokuwa tukimtafuta wetu, na katika huzuni ile hakuna aliyewauliza. Tukaondoka bencini, tukaenda ukutani. Nilimwonyesha jina la mama mdogo, akaligusa kwa kidole. Kisha akaanza tangu mwanzo wa ukuta, jina baada ya jina, akisoma yale ya kike kwa sauti ndogo, nami nikamfuata nyuma, mpaka mlinzi alipokuja kutuambia kwamba anafunga lango.